Kabla ya Kariakoo, pita kwa fundi

Televisheni yetu ilikufa Jumamosi usiku, timu zikiwa zinaingia uwanjani. Haikutoa moshi wala kishindo. Sauti iliendelea kama kawaida: mtangazaji akataja vikosi, mashabiki wakaimba, filimbi ikapulizwa. Kioo tu ndicho kilichokuwa cheusi tii, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Watoto wakanigeukia mimi, maana rimoti ilikuwa mkononi mwangu.

“Baba,” mdogo wao akasema, “TV imegeuka redio.”

Jumatatu jioni niliibeba hadi kwa fundi wa mtaani kwetu, mzee mwenye kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la dawa. Aliichomeka, akasikiliza sauti, akaniambia nirudishie mlango. Gizani akawasha tochi ya simu na kuisogeza hadi ikakaribia kugusa kioo. “Chungulia hapa, mwanangu.” Ndani ya kile kiduara cha mwanga nikaona watu wadogo wanatembea, rangi zao hafifu, kama samaki kwenye maji machafu. Picha ilikuwepo muda wote. Kilichokufa ni taa.

“Hizi mnazoziita LED,” akaeleza, “kioo chake chenyewe hakiwaki. Ni pazia la rangi tu. Nyuma yake kumepangwa vipande vya taa ndogondogo, ndivyo vinavyolimulika. Taa zikifa, pazia lipo, lakini limetundikwa kwenye chumba cha giza.”

Taa hizo alishawahi kutubadilishia mara moja. Safari hii alikuta bodi imeanza kuliwa na kutu, kioo nacho kina doa pembeni. Kuendelea, alisema, ni kumchoma sindano marehemu. Bahati njema mama watoto alikuwa anakaribia kupokea mchezo wake wa upatu wa kina mama, na tulishakubaliana laki sita zitoke humo. Nikamwambia fundi kesho yake naingia Kariakoo. Akacheka.

“Kariakoo watakuonyesha TV zinavyowaka. Kaa hapa kwanza nikuonyeshe zinavyokufa.”

Nikakaa, na saa mbili za kwenye benchi lile zimenifundisha kuliko maduka yote niliyoingia baadaye. Mwenye hela nyingi akikosea televisheni, hununua nyingine. Mwenye laki sita akikosea, anakaa na kosa lake sebuleni miaka mitano. Kwa hiyo asianzie kwa muuzaji, ambaye kazi yake inaishia pale unapotoka mlangoni. Aanzie kwa yule anayeipokea televisheni siku inapougua.

Zinavyokufa

Ukutani mwa kibanda kile zilikuwa zimeegemezwa televisheni kumi na kitu, ndogo kwa kubwa, nyuso zimegeuzwa ukutani kama watoto waliopewa adhabu. Fundi alizigawa kwa kidole katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kama yangu: taa. Chanzo chake kikubwa, kwa maelezo yake, ni joto. Televisheni hutoka kiwandani, au huwekwa dukani, mwanga wake ukiwa juu kabisa ili ing’ae kuliko jirani yake kwenye rafu. Mteja akifika nyumbani haugusi. Taa zinachemka kutwa nzima, hasa kwenye saluni na baa ambako TV haizimwi, na moja ikikatika, zilizounganishwa nayo kwenye mstari mara nyingi huzimika pia. Dawa yake haina gharama: ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta mwanga wa nyuma, ushushe hadi nusu. Sebule ya jioni haihitaji zaidi ya hapo, na taa zisizochemka huishi zaidi.

Fungu la pili ni zilizopigwa na umeme. Watu hulaumu umeme kukatika, lakini fundi anaulaumu ule unaorudi. Sote tumeuona: balbu zinapepesa, friji inaguna, volti zinapanda na kushuka kabla hazijatulia kwenye 230 zinazotakiwa. Sehemu ya kwanza kupokea kipigo hicho ni bodi ya kuingiza umeme. Ndiyo maana kuna kile kidude kinachoitwa TV gadi: umeme ukizidi au ukipungua kinaukata, na ukirudi kinasubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu upite. Radi ni habari nyingine. Hupita hata kwenye waya wa dishi au antena, na hapo kuchomoa plagi peke yake hakutoshi. Ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa wanalijua hili kuliko sisi wa Pwani, kwa kuwa eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yale yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Mvua ikinguruma, chomoa vyote viwili.

Fungu la tatu ndilo la kusikitisha zaidi: vioo vilivyopasuka. Mpira wa mtoto, rimoti iliyorushwa kwa hasira ya penalti, au safari ya kuhama nyumba TV ikiwa imelazwa chali kwenye kirikuu, magodoro juu yake. Hapo fundi hana la kufanya. Kioo kipya bei yake hukaribia bei ya televisheni nzima. “Kioo ndiyo TV,” alisema, “vingine vyote ni watumishi wake.” Zile zilizopasuka yeye huzinunua kwa bei ya kutupa, akachomoa bodi na spika, akawatibia wengine.

Nje ya mafungu hayo wako wageni wasioalikwa. Nyuma ya televisheni kuna joto na matundu, na mjusi hana akipendacho kama joto na tundu. Akikanyaga mahali penye umeme, anakufa yeye na televisheni pamoja naye. Mende nao huzaliana humo. Na huku Pwani upepo wa bahari hubeba chumvi inayokula bodi taratibu, kama ilivyokula yangu.

Nikamuuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: mzee, ninunue ya kampuni gani? Akakataa kutaja jina. “Uliza kama spea zake zipo.” Ameshafungua televisheni za majina makubwa zilizokufa mapema na za majina yasiyojulikana zilizodumu. Tofauti ni siku ya ugonjwa. Jina lililouzwa kwa wingi lina maiti wengi, kwa hiyo lina spea nyingi. Jina lililoletwa kwa kontena moja halafu likapotea ni yatima. Likiugua, hakuna ndugu wa kumtolea damu.

Ana hoja, na hali ya viwanda inampa nguvu. Vioo vya televisheni za aina hii siku hizi hutengenezwa kwa sehemu kubwa na makampuni machache ya China, kama BOE, HKC na CSOT iliyo chini ya TCL. Samsung, ambayo jina lake liko kwenye mamilioni ya sebule, iliacha kutengeneza vioo vya LCD kwenye viwanda vyake mwaka 2022, na sasa hununua kwa wengine. Jina lililoandikwa chini ya kioo halikuambii kioo kimetoka wapi. Linachokuambia, kama lina maana, ni nani alichagua bodi na taa, nani aliandika programu, na nani atajibu simu kikiharibika.

Pima sebule, usipime jirani

Kabla sijaondoka fundi alinipa kazi ya nyumbani: nipime sebule kwa futi kamba.

Zamani kazi hii haikuwepo. Zanzibar ilianza kurusha televisheni, tena ya rangi, mwaka 1973. Kenya ilikuwa imetangulia, mwaka 1962. Sisi wa Tanzania Bara tulisubiri hadi 1994, na ilipofika, hukuchagua ukubwa. Ulichukua TV ya chogo uliyoipata, ukaiweka pembeni mwa chumba kwa sababu kisogo chake hakikuenea kwingine, mama akaitandikia kitambaa cha kufuma, na watoto wa mtaa mzima wakavua ndala mlangoni kuja kutazama, hata kama ni chenga. Wakenya wa rika langu watakwambia habari hiyohiyo kuhusu Great Wall yao ya inchi 14. Usiku wa 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, chogo nyingi zilipewa king’amuzi na kuendelea na maisha. Kilichozihamisha sebuleni ni wembamba wa hizi mpya, na wembamba huo ndio ulioleta mashindano ya inchi.

Inchi hupimwa kutoka kona hadi kona, kwa mshazari. Televisheni ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi na kimo cha 40. Ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 na kimo cha 54. Ya inchi 55 inafika sentimita 122 kwa 68. Tofauti ya 32 na 43 inasikika ndogo mdomoni, lakini kwa eneo la picha ni asilimia 80 zaidi. Hapo unajua kwa nini ile ya jirani ilionekana kama dirisha.

Sasa umbali. Kanuni rahisi ni kuchukua ule mshazari na kuuzidisha kwa moja na nusu hadi mbili na nusu. Inchi 32 ni sentimita 81, kwa hiyo inakaa vizuri mtazamaji akiwa kati ya mita 1.2 na 2. Inchi 43 inataka mita 1.6 hadi 2.7. Inchi 55 inaanzia mita 2.1 hadi 3.5. Sebule yetu ni ile ya nyumba nyingi za kupanga, futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu kila upande. Ondoa unene wa sofa na kabati, unabaki na mita mbili na kidogo kati ya macho na kioo. Jibu likajiandika lenyewe: 43. Ile 55 niliyokuwa naiota ingetosha ukutani, ila tungekuwa tunageuza shingo kufuata mpira kama walio pembeni mwa meza ya pingpong.

Vipimo hivyohivyo vinakusaidia kusoma herufi za kwenye boksi. Picha inajengwa kwa nukta. HD ya kawaida kwenye televisheni ndogo huwa na nukta 1366 kwa 768, takriban milioni moja. Full HD ina 1920 kwa 1080, kama milioni mbili. 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Idadi inavutia, lakini jicho lina mwisho wake. Kwenye inchi 32, ukikaa mita mbili, HD inatosha, na huwezi kuzihesabu nukta hata ukikodoa. Kwenye inchi 43 kwa umbali uleule, HD huanza kuonyesha ukungu kwenye maandishi madogo, kwa hiyo dai Full HD. Ukifika 4K kwa umbali huo, nukta zimekuwa ndogo kuliko uwezo wa jicho la kawaida kuzitenganisha. Unalipia kitu ambacho ungekiona tu ukisogeza kigoda hadi mita moja. Na matangazo ya kawaida yanayoingia kwenye ving’amuzi vyetu hayafikii 4K.

Kuhusu LED na QLED, usitishwe na herufi. Zote mbili ni lile pazia la fundi lenye taa nyuma. QLED imeongezewa utando wa chembe ndogo sana zinazokoleza rangi. OLED ndiyo ya ukoo mwingine, kila nukta inajiwakia yenyewe, lakini hiyo kwa laki sita tuipe heshima zake tukipita.

Kizuri chajiuza

Jumamosi iliyofuata nilishukia Msimbazi nikiwa na futi kamba, flashi moja, na laki tano tu mfukoni. Laki ya sita niliiacha kwa mama watoto kwa makusudi, sababu yake nitaieleza. Sijafika hata Mtaa wa Aggrey, winga, yaani dalali wa mtaani, akanidaka.

“Bosi, TV? Twende stoo, bei ya jumla. Chukua 55 kabisa, Afcon inakuja nyumbani!”

Kuhusu Afcon hakudanganya. Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa ile ya 2027 tangu Septemba 2023, na tangu hapo imekuwa wimbo wa kila muuza televisheni. Winga naye si adui. Anajua maduka yaliyojificha ghorofani, na anatafuta riziki kama mimi na wewe. Lakini cha juu chake kiko ndani ya bei utakayotajiwa, na miguu yake inakupeleka duka linalomlipa vizuri, ambalo huenda lisiwe duka linalokufaa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilimshukuru, nikaingia mwenyewe maduka manne na kuandika bei kwenye karatasi kabla ya kufungua mdomo kuhusu punguzo.

Kila duka lilikuwa na ukuta wa televisheni zinazoonyesha kasuku. Kasuku, maua, matone ya maji kwenye jani. Video hizo zimetengenezwa ili kioo chochote kipendeze, na mwanga umepandishwa hadi mwisho. Flashi yangu ilikuwa na vitu vya kawaida zaidi: picha nyeupe tupu, picha nyeusi tupu, ukurasa wa gazeti niliopiga kwa simu, na dakika tatu za mpira. Wauzaji wawili walikunja uso. Wengine wawili wakaichomeka bila neno, na hiyo peke yake ilikuwa jibu la kwanza.

Picha nyeupe huonyesha nukta zilizokufa na madoa ya uchafu. Nyeusi, ukikinga mwanga kwa mkono, huonyesha pembe zinazovuja taa. Ukurasa wa gazeti ulinionyesha kubwa zaidi. Kwenye televisheni moja iliyoandikwa 4K kwa herufi za dhahabu, maandishi madogo yalisomeka kama yameandikwa kwa mkaa. Nikalisoma boksi taratibu: kumbe limeandikwa inakubali 4K. Yaani inaweza kulifungua faili la aina hiyo, kisha ikalibana hadi lienee kwenye kioo chake cha HD. Ni sawa na kumwaga ndoo ndani ya kikombe na kusema kikombe kinakubali ndoo. Unachotakiwa kukitafuta kwenye lebo ni idadi ya nukta za kioo chenyewe.

Dakika tatu za mpira hutazamwa kwa kutembea. Simama mbele, kisha nenda kulia hadi pale ambapo mtoto wako hukaa mkekani. Vioo vingine vina weusi mzuri ukivitazama usoni, lakini ukienda pembeni nyuso zinapauka na nyasi zinageuka maziwa. Sebule yenye watu saba haina kiti cha katikati kwa kila mtu. Sikiliza na sauti pia. Televisheni nyembamba haina nafasi ya spika ya maana, kwa hiyo kama una sabufa nyumbani, hakikisha kuna tundu la kuitolea sauti, liwe la pini ya hedifoni au la nyekundu na nyeupe. Hesabu matundu ya HDMI, yasipungue mawili. Na kama king’amuzi chako ni cha zamani, cha waya za rangi tatu, usisahau kuulizia tundu lake, maana televisheni nyingi mpya zimelifuta.

Kulikuwa pia na zile za dabo glasi, zenye kioo kigumu cha ziada mbele. Nilipokumbuka fungu la tatu la fundi, nilizipenda mara moja. Zina ubaya wake: ni nzito, na mchana zinarudisha mwanga wa dirisha kama kioo cha kujitazamia. Mwenye watoto wadogo na dirisha la pembeni atachagua vizuri akiichukua. Mwenye mlango unaotazamana na TV atajitazama yeye mwenyewe akila.

Mtumba nao una wateja wake, tangu enzi zile watu wa Bara walipokuwa wanavuka kwenda Unguja kutafuta redio na televisheni. Unaweza kupata jina kubwa kwa bei ya jina dogo. Ila geuza nyuma usome lebo. Iliyotoka Japani imetengenezewa nchi yenye umeme wa volti 100. Ikiwa lebo inasema 100 hadi 240, ni salama. Ikiwa inasema 100 peke yake, plagi ya kwetu itaiua sekunde ileile. Tena mtambo wake wa kupokea matangazo ni wa mfumo wa Kijapani wa ISDB-T, wakati sisi tunatumia DVB-T2, kwa hiyo antena yako itakuwa pambo na utategemea king’amuzi. Iliyotoka Uingereza haina tatizo la volti, hata plagi yake ni ya pini tatu kama zetu. Lakini zote mbili zimeshatumia sehemu ya maisha ya taa zake, na hakuna lebo inayoonyesha zimewaka saa ngapi.

Nililipia duka la tatu. Inchi 43, Full HD, jina ambalo fundi alishaniambia amelifungua mara nyingi na spea zake zimejaa. Walianza laki tano na sitini, tukamalizana laki tano kasoro elfu kumi. Nikaomba iwashwe ileile inayotoka ndani ya boksi langu, siyo ya maonyesho, nikarudia picha zangu za flashi. Kisha nikadai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na bei niliyolipa kweli, na karatasi ya waranti yenye muhuri na namba inayofanana na ile iliyo nyuma ya televisheni. Waranti yenyewe nikaisoma pale pale. Kama zilivyo nyingi, haigusi kioo kilichopasuka wala madhara ya umeme, yaani mafungu mawili kati ya matatu ya fundi yananihusu mimi. Lakini bila risiti, hata lile fungu moja lililobaki lingekuwa langu, na siku ukigundua umeuziwa bandia, huna cha kushika mkononi unapokwenda Tume ya Ushindani.

Laki ya sita

Sasa ile laki niliyoiacha nyumbani. Nililifanya hilo kwa sababu televisheni ina bei mbili: ile unayomlipa muuzaji mara moja, na ile unayoilipa kila siku baada ya hapo. Ukimaliza hela zote kwenye bei ya kwanza, ya pili itakukuta mikono mitupu, na TV mpya itakaa bila ulinzi ikionyesha chaneli moja.

Laki ile ilinunua TV gadi, breketi ya ukutani na waya wa HDMI, ikamlipa kijana aliyetoboa ukuta, na kilichobaki kikalipia kifurushi cha king’amuzi kilichokuwa kimekatika. Breketi isinunuliwe kwa kukadiria: pima umbali wa matundu ya skrubu nyuma ya televisheni, na hakikisha ukuta ni wa tofali, siyo wa kubonyea. Tuliiweka mbali na dirisha, kimo cha macho ya mtu aliyeketi, tukaacha nafasi ya vidole vinne nyuma yake ipumue.

Umeme ulikuwa hofu ya mama watoto. Tukasoma lebo: wati 80. Kwa saa sita kwa siku hiyo ni karibu nusu uniti, uniti 14 na ushee kwa mwezi. Si nyingi, lakini kwa mteja wa matumizi madogo, ambaye hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi, ni karibu moja ya tano ya haki yake yote. Ya inchi 32 yenye wati 45 ingekula uniti nane. Anayeishi kwenye ukingo wa daraja hilo afanye hesabu hii kabla ya kuchagua inchi. Na asiye na gridi kabisa aulizie zile za volti 12 zinazotumia sola moja kwa moja, badala ya kununua ya kawaida kisha kuhangaika na inveta.

La mwisho ni usmati. Televisheni yetu inajua kuingia intaneti, na wiki ya kwanza watoto walidhani hiyo maana yake ni katuni za bure. Intaneti ya nyumba yetu ni bando la simu yangu. Filamu yenye ubora wa HD kwenye Netflix inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na ya 4K hadi GB 7. Bando la GB 10 linakwisha na filamu mbili. Mtu asiye na waifai ya mwezi anayeongeza laki moja ili apate TV smati kuliko jirani anajenga bafu kabla ya kuvuta maji. Programu hizi nazo huzeeka haraka kuliko kioo: Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za zamani za Samsung zilizokuwa bado zinaonyesha picha safi kabisa. Kioo kizuri kisicho na akili kinaweza kuongezewa akili baadaye kwa kidude kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI. Akili nyingi haziwezi kukitengeneza kioo kibaya.

Boksi liko uvunguni mwa kitanda, na maboya yake ndani. Sisi ni wapangaji. Siku ya kuhama itafika, na televisheni itasafiri imesimama wima ndani ya boksi lake, nami nimeishika, hata kama vyombo vingine vitavunjika.

Usiku wa kwanza nilishusha mwanga hadi nusu kama nilivyoagizwa. Watoto wakalalamika kwamba nimewapa TV mpya yenye jua la magharibi. Dakika kumi baadaye hakuna aliyekumbuka.

Fundi alipita baada ya swala ya isha, akabisha hodi, akakaribishwa kiti na kukikataa. Mpira ulikuwa umekolea, nyumba nzima inapiga kelele, lakini yeye hakutazama picha hata mara moja. Alipenya pembeni mwa kabati, akaingiza mkono kwenye ile nafasi ya vidole vinne, akaweka kiganja nyuma ya televisheni na kukiacha pale kwa muda, kama mama anayepima homa ya mtoto.

“Haina joto,” akasema, akijifuta vumbi. “Hii nitachelewa kuiona.”